Kabla ya Kupiga Windows

Laptopu kuukuu ikigoma kuwaka, mwenyewe huuliza kama itapona. Fundi hujibu upesi kwa sababu jibu analo tayari: atapiga Windows upya, na jua halijashuka mashine itakuwa imewaka. Nimeyasikia mazungumzo hayo Somanda mara nyingi, na kila mara nahisi kuna swali limerukwa. Kabla ya kuuliza kama mashine itawaka, tungeuliza kwanza: ndani yake kuna nini ambacho hakipo mahali pengine popote duniani?

Swali hili nalishikilia kwa sababu ya mahali tunapoishi. Somanda ni kata ya mji wa Bariadi, na Bariadi ni makao makuu ya Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Mkoa mpya huja na ofisi, ofisi huja na makaratasi, na makaratasi siku hizi huanzia kwenye kompyuta. Laptopu tulizonazo nyingi ni mitumba. Zilitumika miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, zikauzwa kwa jumla, zikafika Dar es Salaam au Mwanza, kisha zikapanda basi kuja huku. Zikifika kwetu ndipo zinapoanza kazi ambayo hakuna aliyewahi kuzipa kabla. Katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaandika humo majina ya wakulima wa pamba na kilo walizopima. Mwalimu anaweka matokeo ya darasa lake. Mwenye steshonari anahifadhi barua, wosia na mihtasari ya vikao vya ukoo alivyopewa achape. Kiongozi wa kwaya ana nyimbo alizotunga mwenyewe, na mpiga picha ana harusi na misiba ya mtaa mzima.

Mashine hizo huishi maisha magumu. Betri zake zimeishiwa nguvu, hivyo zinategemea waya wa chaji peke yake. Umeme ukikatika zinazimika papo hapo, hata kama zilikuwa katikati ya kuandika faili. Vumbi la kiangazi linaziba feni na joto linapanda. Diski nyingi za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Diski ya namna hiyo haihimili kuyumbishwa juu ya bodaboda ikiwa bado inazunguka. Hatimaye siku inafika unabonyeza kitufe, taa inawaka, feni inaunguruma, na skrini inabaki nyeusi ikiwa na mstari mmoja mweupe unaoeleza kwamba mashine haikupata kifaa cha kuanzia.

Mstari huo wengi huusoma kama tangazo la msiba. Tuuelewe unasema nini hasa. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao mama ndiyo inayoamka kwanza. Inakagua kumbukumbu ya muda, kibodi na skrini, kisha inatafuta diski. Katika mashine za zamani, inasoma kipande cha kwanza kabisa cha diski, chenye baiti 512 tu. Kati ya hizo, baiti 446 ni maelekezo ya kuanzia, 64 ni orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa, na mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba kipande hicho ni halali. Maelekezo hayo yanaita programu kubwa kidogo, programu hiyo inaita kiini cha mfumo endeshi, na kiini kinaamsha vingine vyote. Mashine za karibuni zina sehemu maalumu ya diski kwa kazi hiyo, lakini utaratibu ni ule ule wa kidogo kuamsha kikubwa.

Sasa tazama uwiano wake. Diski ya gigabaiti 500 inaweza kushindwa kuwasha mashine kwa sababu baiti 512 zimevurugika, na huku faili za miaka 10 zimelala pale pale zilipoandikwa. Huku kwetu hakuna anayechoma kihenge cha mtama kwa sababu mlango wake umekwama. Lakini ndivyo tunavyofanya tunapokubali diski ifomatiwe kabla mtu hajachungulia ndani.

Nilikuwepo siku mwalimu mmoja mstaafu alipoleta laptopu yake kwa fundi. Tangu astaafu, mwalimu huyu amekuwa akipita vijijini kukusanya nyimbo za Wasukuma: nyimbo za kulimia ambazo majembe huinuliwa na kushuka kwa mpigo wa ngoma, nyimbo za wigashe, nyimbo za mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Kila wimbo ameuandika pamoja na jina la aliyeutunga, kijiji chake, na msimu wa njaa au wa neema ulioutia maneno. Baadhi ya wazee waliomwimbia wameshafariki. Fundi ni kijana wa umri wa wajukuu wake. Alipomwona aliweka bisibisi chini, akainuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii imegoma tangu juzi umeme ulipokatika. Fanya uwezavyo, iwake tu."

"Itawaka, Mwalimu. Ila ndani kuna kazi?"

"Kazi ipo. Nyimbo zote zimo humo."

"Uliziweka C au D?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Hapo hapo mbele. Ukiwasha tu unaziona."

"Basi hizo ziko C. Nikipiga Windows sasa hivi zinaondoka. Una nakala nyingine? Kwenye flashi, kwenye simu?"

"Sina, baba."

"Basi tusiiguse kwanza. Niachie mpaka kesho. Nitoe kazi yako, mengine yatafuata."

Namheshimu sana kijana yule kwa maneno hayo. Fundi wa mtaani hula kwa idadi ya mashine zinazotoka mezani kwake, na mteja aliyesimama mbele yake alikuwa ameshamruhusu kufanya lolote. Angepiga Windows, angelipwa, na mwalimu angeshukuru kwa kuona skrini inawaka. Msiba ungejulikana jioni, nyumbani. Mafundi wengi hugawa diski sehemu mbili, C kwa ajili ya mfumo na D kwa ajili ya kazi za mwenyewe, ili C ifutwe bila D kuguswa. Utaratibu ni mzuri, lakini mtu ambaye hakuelezwa huweka vitu pale anapoviona, na pale mbele panapopangwa ikoni ni sehemu ya C. Kuuliza kumegharimu nusu dakika na kumeokoa kazi ya miaka.

Kazi ya kuokoa yenyewe haina uchawi. Fundi ana flashi yenye mfumo wa Linux unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi hiyo na kukaa kwenye kumbukumbu ya muda, bila kuandika hata herufi moja kwenye diski. Mbinu hii ilipata umaarufu tangu mwaka 2000, pale Mjerumani Klaus Knopper alipotoa Knoppix, mfumo mzima uliotosha kwenye CD moja na usiohitaji kusakinishwa. Mashine iliyokataa kuwaka kwa diski yake inawaka kwa flashi, kisha diski inafunguliwa kama mzigo wa kawaida. Folda ya nyimbo ikaonekana, na kila faili likiwa na jina lake. Fundi akainakili folda hiyo kwanza kwenye diski ya nje, kisha kwenye flashi ya mwalimu. Hapo ndipo kazi ilipokuwa imekamilika kwa maana inayostahili. Kilichobaki ni mfumo, na mfumo unapatikana.

Mambo machache kuhusu hatua hii yanafaa yajulikane na kila mwenye mashine kuukuu. Faili lililofutwa, au diski iliyofomatiwa kwa njia ya haraka, mara nyingi huwa haijapoteza maandishi yenyewe; kilichofutwa ni orodha inayoonyesha yalipo. Kwenye diski za sahani, fundi mwenye programu ya uokoaji anaweza kuyarudisha, mradi hakuna kilichoandikwa juu yake. Windows mpya inaposakinishwa humwaga gigabaiti 20 na zaidi juu ya diski hiyo hiyo, na popote zinapoangukia, kilichokuwapo hakirudi tena. Kwenye diski mpya za aina ya SSD nafasi ni finyu zaidi, kwa sababu zenyewe husafisha kilichofutwa ili ziandike kwa kasi. Diski inayotoa sauti ya kugonga izimwe na isiwashwe tena kwa majaribio, maana kila kuwasha kunaweza kuikwaruza. Na laptopu nyingi za sasa hufunga diski nzima kwa ufunguo wa siri. Mwenye mashine asiyejua ufunguo huo umehifadhiwa wapi anaweza kuwa na faili zote salama na asifungue hata moja.

Nikifikiri juu ya nyimbo zile nakumbuka jirani yetu wa ng'ambo ya Ghuba ya Speke. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya maisha ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wachapishaji hawakupatikana. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki. Leo hakuna anayesoma historia ya riwaya ya Tanzania akaruka jina lake. Haya yaliwezekana kwa sababu mswada ulivumilia. Karatasi ilikaa ikisubiri watu wawe tayari.

Je, laptopu ya Somanda ingesubiri miaka 35? Haiwezi. Sahani zake zitakwama, chaji iliyomo kwenye flashi itavuja, na programu iliyoandika faili itakuwa imesahaulika. Maandishi ya kompyuta huishi kwa kunakiliwa, kutoka diski hadi diski, mkono hadi mkono, kama nyimbo zenyewe zilivyoishi kabla hazijaandikwa. Mkulima aliyeimba wimbo wa kulimia hakuwa na ghala la kuuhifadhi. Aliyemfuata mstarini aliudaka, naye akaupokeza. Siku mnyororo ulipokatika, wimbo uliondoka. Mwaka 2010 msomi wa muziki wa Kimarekani, Frank Gunderson, alichapisha kitabu kizito cha nyimbo za kazi za Wasukuma, na katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna mkusanyo wa nyaraka za Hans Cory, aliyeandika juu ya sheria na mila za Wasukuma enzi za ukoloni. Nashukuru kwamba vipo. Lakini mwalimu wetu ana nyimbo ambazo wageni hao hawakufika kuzisikia, na zilikuwa mahali pamoja tu, juu ya meza ya fundi, zikisubiri uamuzi wa kijana mmoja.

Nchi yetu yenyewe ilionja machungu ya namna hii mapema. Hazina ilijaribu kuendesha hesabu zake kwa kompyuta, mfumo ukashindwa, hesabu zikavurugika na kazi ikarudishwa mikononi. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi hulitaja tukio hilo kama mfano wa kuchelewa kwetu. Mimi naona ndani yake hofu inayoeleweka kabisa. Viongozi wa taifa changa waliona kumbukumbu za fedha za wananchi zikichanganyikana ndani ya chombo kisichofunguka kwa macho, wakakikataa chombo. Marufuku ililegezwa baadaye, na leo kompyuta iko hadi kwenye mizani ya pamba. Ila chanzo cha hofu ile bado tunaishi nacho kila siku: tunakabidhi kumbukumbu zetu kwa mashine bila kujiwekea njia ya kuzirudisha zikipotea.

Kumbukumbu zikishakuwa salama, kuchagua mfumo huwa jambo jepesi, na hapo ndipo laptopu kuukuu hupata haki yake. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa zilianza kutoka mwaka 2018 hivi. Mashine nyingi za mitumba tulizonazo ziko nje ya mstari huo, ingawa kibodi zake zinaandika na skrini zake zinaonekana vizuri. Dunia ilizalisha taka za umeme na elektroniki tani milioni 62 mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sioni sababu ya sisi kuongeza kwenye lundo hilo mashine ambayo bado inaweza kuandika wimbo.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ina matoleo mepesi yanayoendesha mashine za miaka 10 na zaidi bila malipo wala leseni ya kuiba. Laptopu ya mwalimu ilipewa mojawapo, pamoja na programu ya ofisi ya LibreOffice iliyofungua maandishi yake yote. LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice, ile ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitolea toleo la Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kwa hiyo hata programu tunazoziita za kigeni zina alama za mikono ya watu wetu.

Tatizo letu kubwa hapo ni bando. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 ilitosha kwenye CD moja, na hadi mwaka 2011 waliotaka waliweza kuletewa CD hizo kwa posta bila malipo. Ya leo inazidi gigabaiti 5. Ndiyo maana fundi mmoja akishaipakua, flashi yake huzunguka kwa wenzake mji mzima. Ushirikiano huo naupenda, na unahitaji uangalifu mmoja: faili lililopakuliwa kwa mtandao unaokatika-katika linaweza kuwa na kasoro, hivyo watengenezaji hutoa herufi na tarakimu 64 za kulihakiki. Zikilingana, faili ni zima. Hata moja ikitofautiana, lisisakinishwe kwenye mashine ya mtu. Hakiki hiyo huchukua muda mfupi, na hutenganisha mfumo uliotoka kwa watengenezaji na ule uliopitia mikono isiyojulikana ukabeba virusi njiani.

Haya yote yananirudisha kwenye desturi. Nasi tuna desturi nzuri za kupokezana mambo: salamu haianzi na shida, mgeni haulizwi safari kabla ya kupewa maji. Ningependa meza za mafundi wa Somanda, na za Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ziwe na desturi ya namna hiyo, kwamba hakuna mashine inayofomatiwa kabla fundi hajauliza kuna kazi gani ndani na nakala yake iko wapi. Mteja naye alipie swali hilo na kazi inayofuata, kwa sababu uokoaji ni ufundi kamili na unastahili malipo kuliko kupiga Windows. Katibu wa AMCOS achape orodha ya wakulima kila msimu na kuiweka kwenye faili la karatasi. Mwenye steshonari awape wateja wake kazi zao kwenye flashi. Mwalimu wetu ameshachapa nyimbo zake. Nakala moja ipo nyumbani, nyingine kwa mwanawe anayeishi Mwanza, na za sauti zimo katika simu za wajukuu.

Kila mfumo endeshi niliokwisha kuutaja una nakala zisizohesabika duniani. Ukiharibika Bariadi, upo Nairobi, upo Helsinki, upo kwenye flashi ya fundi wa jirani, na utarudishwa kabla chai haijapoa. Orodha ya wakulima wa kijiji kimoja, mtunzi wa wimbo mmoja na msimu alioutunga, ukoo na mipaka ya shamba lake, hivyo havina kiwanda kinachovitoa upya. Vina sisi tu. Basi laptopu ikigoma, mkono wa fundi uende kwanza kwenye vile visivyo na nakala, na sisi tulioleta mashine tuwe wa kwanza kumwambia hivyo.